Ukaidi Wangu wa Kyuso

Mwezi uliopita msichana mmoja wa chuo cha ufundi, anaitwa Mwende, alinitumia picha ya ripoti yake kwa simu. Yuko mafunzoni kwenye saiti moja huku Makueni, na msimamizi wake, mahali pa kuandika tabia, ameandika neno moja tu: mkaidi. Mwende akaniuliza, "Susu," yaani bibi, "hili neno ni baya aje? Niache hii kozi?" Nilimwambia asiache. Lakini jibu lenyewe halikuenea kwenye simu, na vidole vyangu vimezoea mwiko wa ujenzi, havijui kuandika ujumbe. Kwa hivyo nimechukua daftari, nikamwandikia yeye na ninyi wote mnaoanza kazi za mikono. Hilo neno mimi nimeandikiwa mara nyingi, na mara moja nililistahili kabisa.

Mimi ni Kalekye, wa Kikima, juu huku Mbooni. Nimestaafu, magoti ndiyo yaliyoamua. Kazi yangu ilikuwa kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya Kitui na Makueni, ile mito inayopitisha maji siku chache za mvua kisha inabaki mchanga mtupu. Unakata mto kwa ukuta wa mawe uliokaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Kiangazi kikija unafukua kidogo tu, unachota. Wageni wakipita wanacheka kwamba tumejenga ukuta wa kufuga mchanga. Tumewazoea.

Sikuanza nikiwa fundi. Nilianza nikiwa mbeba mawe kwenye mwethya, yaani kundi la majirani linalofanya kazi kwa zamu: leo shamba lako, kesho mtaro wangu, keshokutwa bwawa la wote. Wanawake walibeba, wanaume wawili watatu walipanga. Siku moja fundi hakufika, koroga ya sementi na mchanga ilikuwa tayari na ilikuwa inaanza kushika, nikashika mwiko nikapanga mstari mzima wa mawe. Wakubwa wa kundi wakasema huyu msichana ni kichwa ngumu. Kesho yake fundi mwenyewe akaja, anaitwa Nzioki, mzee mfupi asiyependa maneno. Akapita na nyundo akigonga mawe yangu moja moja, akasikiliza, akang'oa mawili.

"Haya mawili uliweka na hasira," akaniambia. "Hayo mengine yako sawa. Kesho kuja na mwiko yako."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kwa Nzioki nilijifunza kugonga jiwe kabla ya kulitumia: likilia kwa sauti kali ni zima, likitoa sauti ya kufa lina ufa ndani, litupe. Nilijifunza kuosha mawe, kwa sababu sementi haishiki uchafu. Na mwamba wa msingi, alisema, usafishwe hadi uweze kulia chakula juu yake. Ninyi mnadhani alikuwa anatania. Saa ya chakula alikuwa anachota muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kutoka kwenye sufuria, anauweka kwenye mwamba tuliousafisha, halafu anakukaribisha ule. Ukisita tu, anajua hukusugua vizuri. Nimekula chenga nyingi za mchanga kabla sijajua kusafisha mwamba.

Sasa niwaambie kuhusu ile mara niliyostahili.

Nilikuwa nimefanya kazi na Nzioki miaka miwili, na miaka miwili ndiyo hatari, kwa sababu unajua kiasi cha kujiona. Tulikuwa tunajenga kwenye kijito kimoja hapo chini ya Mbooni. Akaniachia nichimbe mbawa, zile ncha mbili za ukuta zinazoingia ndani ya ukingo. Alisema hatua nne kila upande. Udongo ulikuwa mgumu, jua linachoma, na Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nikachimba hatua mbili. Nikajiambia huyu mzee anaogopa maji kupita kiasi. Nikajenga, nikafunika udongo, nikaukanyaga ukawa sawa, nikaenda harusini nikala pilau.

Mvua ilipokuja, ukuta wangu ulisimama imara. Mto ndio uliokataa kupita juu yake. Ulichimba pembeni, mahali nilipoiba hatua mbili, ukazunguka, ukabeba kipande kizima cha shamba la mama mmoja mjane na pojo zake zilizokuwa zimekaribia kuvunwa. Ukuta ukabaki katikati, mzima, hauna kazi.

Nzioki hakunipigia kelele. Alinipeleka hadi mlangoni kwa yule mama, akasema, "Mwambie wewe," kisha akaenda kukaa mbali. Nilimwambia. Sijawahi kuona aibu kama ile, mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Tulirudisha ukingo kwa magunia ya mchanga, nikamlimia msimu mzima uliofuata. Hapo, wajukuu zangu, nilikuwa mkaidi kweli, na neno lilinikaa sawasawa. Nilikataa agizo kimyakimya ili nipumzishe mgongo wangu, na hasara ikamwangukia mtu mwingine.

Baada ya hapo nikaapa kuwa mtiifu, na utiifu nao ukanifanyia yake. Tulipelekwa kujenga ndani kidogo kutoka Kambu, na Nzioki alikuwa mgonjwa nyumbani. Nikiwa kwenye msingi niliona mbuzi wamejipanga kwenye korongo lililo juu ya saiti, wanalamba mawe ya ukingo. Mawe yenyewe yalikuwa meupe na mekundu kidogo. Moyo ukaniambia uliza. Nikajibu moyo wangu kwamba mara ya mwisho niliyojifanya najua, mama wa watu alipoteza pojo. Nikainama nikapanga mawe. Ukuta ule ni mzuri kuliko wote niliowahi kujenga. Maji yake ni ya chumvi. Mvua inayaosha yale mawe na kushusha chumvi yote ndani ya mchanga. Sabuni haitoi povu, na ukipika chai maziwa yanagawanyika kwenye sufuria. Akina mama wa huko wanapita kando ya bwawa na punda wao kwenda kuchota kulekule walikokuwa wanachota zamani. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba niliona.

Nikiwaambia mambo haya mawili pamoja, mnaanza kuelewa kwa nini swali la Mwende lilinikalisha chini. Kanisani kwetu wanasema uasi, na ni dhambi. Nyumbani tunasema kichwa ngumu, na nusu yake ni sifa. Kazini wanaandika mkaidi. Lakini angalieni nani huandika. Hilo neno huandikwa na aliyetoa amri, kila mara. Linakuambia kwamba amri ilitolewa na haikufuatwa, halikuambii chochote kuhusu amri yenyewe kama ilikuwa nzuri. Pale kijitoni amri ilikuwa nzuri na mimi mbaya. Kule Kambu nilisifiwa kwa utiifu, na hadi leo kuna watu wanatembea kutafuta maji kwa sababu ya sifa hiyo. Kwa hivyo ripoti ikija na neno hilo, usilie na usijivune kwanza. Rudi ukaangalie ulikataa nini, na kwa faida ya nani.

Ndiyo nije Kyuso, maana hapo ndipo nilipolijua hilo neno vizuri.

Nzioki alikuwa ameshaacha kazi, na mimi nikawa fundi mkuu. Msimamizi alikuwa Musyimi, kijana msomi, mpole kwa kawaida, na ramani zake zilikuwa safi. Alichagua mahali ambapo mto umebanwa na mawe pande zote mbili. Sababu yake ilikuwa nzuri: ukuta mfupi hula sementi kidogo, na sementi tuliyoletewa ilikuwa ya ukuta mmoja tu. Wafadhili walisema wazi kwamba hakuna lori la pili. Akina mama wa kijiji hicho walikuwa wanaondoka asubuhi kwenda kutafuta maji na kurudi jua likiwa la utosi. Ukuta ule ukikosewa, wangeendelea kutembea hivyo miaka na miaka, na mabinti zao nyuma yao. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwa pale.

Msingi ulikuwa umechimbwa, mwamba umesuguliwa. Ijumaa asubuhi wanawake kama arobaini walisimama mstari kutoka kwenye rundo la mawe hadi kwangu, wanapitisha jiwe mkono kwa mkono, wanaimba. Jiwe la kwanza lilipofika nikainua kichwa kulipokea, na macho yakaenda juu ya mto. Mbuzi. Wamejipanga kwenye ukingo, vichwa vimeinama, wanalamba mawe meupe yenye wekundu.

Nilipokea jiwe nikaliweka kando. La pili nikaliweka kando. La kumi nikaacha kupokea. Mama aliyekuwa karibu nami akabaki ameshika jiwe, akanyamaza, na wa nyuma yake akanyamaza, wimbo ukafa hivyo mtu kwa mtu hadi akabaki mama mmoja huko mwisho anaimba peke yake.

Musyimi akaja mbio. "Fundi, nini mbaya? Koroga inakauka."

"Sipangi hapa."

"Hausikii? Plani ilishapitishwa."

"Nimesikia. Sipangi."

Lazima mjue uzito wake. Kusimamisha mstari wa mwethya si jambo dogo kwetu. Anayekataa mwethya hujikuta peke yake siku ya kulima, na hata akifiwa watu huja wakijivuta. Na mimi nilikuwa mgeni, mwanamke, kutoka Mbooni, nikikataa mbele ya watu walioacha kazi zao kuja kubeba mawe. Musyimi akatoa kitabu cha saiti, akaandika huku akisoma kwa sauti ili kila mtu asikie: fundi Kalekye amekaidi amri, hafai kupewa kazi tena. Nilikaa kwenye ukingo wa msingi, nikaweka mwiko chini.

Mwenyekiti wa kundi alikuwa Katunge, mama mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alitoka kwenye mstari, akaja akipangusa mikono kwenye leso, akasimama mbele yangu. Nilidhani amekuja kunifukuza.

"Fundi," akasema polepole, "wewe unakataa kazi ama unakataa mahali?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Kila mmoja alitaka kujua kama nitapanga au sipangi. Nikamjibu, "Nakataa mahali. Kazi naitaka. Mwaitu, mama yangu, zile mbuzi zinalamba nini?"

"Chumvi," akasema. "Si hapo ndio sisi wote tunapeleka mbuzi, kila wiki."

Akina mama wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo na leso.

"Na hamkusema?" Musyimi akauliza.

"Ulituuliza mambo ya maji," Katunge akamjibu. "Mambo ya mbuzi hakuna mtu alituuliza."

Kijiji kizima kilikuwa kinapeleka mbuzi pale tangu enzi za mababu, na hakuna aliyefikiria kwamba chumvi ya mbuzi na maji ya watu vitakutana kwenye mchanga mmoja. Msiwacheke. Mimi Kambu nilifikiria, nikanyamaza, na hilo ni baya zaidi.

Musyimi alipanda hadi kwenye ukingo, akawasukuma mbuzi kando, akaangalia nyuma kama kuna anayemwona. Tulikuwa tunamwona wote arobaini. Akainama akalamba jiwe. Alirudi akitema mate, na kuanzia siku hiyo nilimheshimu.

"Ni chumvi," akasema. "Lakini juu ya hapo mto ni mpana. Hii sementi haiwezi kutosha ukuta mrefu. Hiyo nayo ni kweli, Fundi."

Ilikuwa kweli. Nikamwomba anipe hadi Jumatatu nitafute mwamba ulio karibu na uso wa mchanga, kwa sababu ukuta ukiwa mrefu lakini mfupi kwenda chini, sementi inaweza kutosha. Akafikiri, akaangalia mawingu upande wa mlima. "Jumatatu," akasema. "Ukikosa, tunajenga hapa, maji ya mbuzi ni afadhali kuliko sementi iliyoganda kwa gunia. Na wewe unaenda nyumbani."

Jumamosi nilitembea juu ya mto na chuma changu cha kupimia, nikikipiga kwa nyundo kwenye mchanga kila hatua chache. Ukitaka kujua mwamba, usisikilize sauti peke yake. Chuma kikigonga jiwe lililolala tu, kinateleza pembeni. Kikigonga mwamba, kinakurudishia mkono hadi begani. Siku nzima hakikunirudishia kitu. Kilizama tu. Jioni nilikuwa na malengelenge, na nilianza kufunga nguo zangu kwenye mfuko.

Jumapili nilienda kanisani na Katunge kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Mahubiri yalikuwa ya Mfalme Sauli na uasi, msifikiri natunga. Nikainamisha kichwa. Baada ya ibada Katunge akasimama kwenye matangazo, akasema fundi anatafuta mwamba, nani anajua mahali ambapo akifukua mchanga kiangazi jembe linagonga chini haraka. Mikono mitatu ikainuka. Tukateremka mtoni vilevile tulivyokuwa, wengine na kofia zao za kanisa, viatu mkononi, na mama mmoja mnene aliyevaa nguo ya zambarau ndiye aliyenipeleka kwenye kona ya juu, mbali na mawe ya chumvi. "Hapa mimi huwa nakasirika," akasema, "kwa sababu jembe inakataa."

Nikaweka chuma, nikapiga. Kilizama hadi kiasi cha goti, kisha kikanirudishia mkono hadi shingoni. Nikasogea hatua tano, vilevile. Hatua tano tena, vilevile. Mwamba ulikuwa umekatisha mto wote, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikaa kwenye mchanga na nguo yangu ya kanisa nikacheka hadi machozi yakatoka, na wale akina mama wakapokezana nyundo, kila mmoja anataka kusikia mkono ukirudishwa.

Jumatatu Musyimi akapima, akapiga hesabu, akapima tena. "Itatosha," akasema. Kisha akageukia akina mama mwenyewe, "Haya, pangeni mstari."

Tulijenga ukuta mrefu na mfupi kwenda chini, ambao hakuna ramani iliyokuwa nao. Mbawa alizotaka zilikuwa hatua nne. Nilichimba sita. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia aandike kwamba huo pia ni ukaidi, na kwa mara ya kwanza akacheka. Tuliufunika ukuta kwa magunia ili sementi isikauke haraka ikapasuka, tukaumwagilia maji yaliyobebwa na punda asubuhi na jioni, kila mama na mtungi wake, maji yaleyale waliyotembea kuyatafuta. Hakuna aliyenung'unika. Mto ulipokuja nilikuwa bado Kyuso, nimesimama ukingoni na Katunge ameshika mkono wangu hadi unauma. Maji mekundu yalifika, yakapanda, yakapita juu ya ukuta katikati kama tulivyotaka, na mbawa hazikusogea.

Mchanga ulichukua mvua mbili kujaa. Kiangazi kilichofuata walinipigia simu nije. Nilikuta akina mama mtoni, mchana kweupe, hakuna aliyekuwa na haraka, na mabinti zao walikuwa shuleni. Katunge akapiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono hadi kiwiko, maji yakaingia taratibu yakatulia. Akachota na kikombe, akanipa mimi kwanza. Yalikuwa baridi na matamu. Nililia, na sikuona sababu ya kuficha. Nilikuwa nimeshinda, wajukuu zangu, na kushinda kuna raha yake. Nilikunywa kikombe chote, nikarudisha, nikaomba kingine.

Musyimi naye alikuwepo, amesimama juu ya ukuta, viatu vimejaa mchanga. Akasubiri nimalize kunywa, halafu akaja akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa vilima.

"Fundi," akasema, "kuna mto mwingine kule. Sementi inakuja wiki ijayo. Twende leo, ndio unikataze mapema."

Nikachukua chuma changu, nikapanda gari lake.